Kolachi za Pili-pili za Maman Jarmila

Maman Jarmila,

Usikasirike. Ni miye, Trésor wa gorofa ya chini, jirani yako, njo niliwasha furu yako ya kuokea. Ndiyo, ile furu uliyosema mikono yangu isiiguse mpaka siku Yesu atarudi. Nimeigusa. Na nyumba haikuungua, nakuambia mapema, bantu bengine basikuletee uongo huko.

Bon, nianze na habari ya Papa Kaumba, juu najua njo unangojea hiyo. Bwana yako alikuwa hakuli asubuhi. Tangu tulipokuzika, chai ya rangi tu, basi. Maman yangu alipanda na mikate, bamama ba paroisse, ba kanisa yetu, balileta samaki, balileta sombe ya majani ya muhogo. Mchana alikuwa anakula kidogo, kwa heshima. Asubuhi, hapana. "Mutoto, sina njaa," halafu anameza dawa ya tension tumbo tupu, na docteur alishamukataza. Mwezi uliopita kizunguzungu kilimushika ku ngazi, ni miye nilimudaka. Wewe ulikuwa unasema mikono yangu inajua tu kupokea chakula. Umeona? Imepokea mpaka bwana yako.

Na ule muzee alikuwa anashinda mbele ya télé, Babelji, benyeji ba hapa, banagombana juu ya serikali wanayoshindwa kuunda, na yeye hata habatukani tena. Papa Kaumba, kukosa kutukana baministre! Hapo njo niliogopa kweli.

Nikajiuliza: huyu muntu, miaka yote, asubuhi alikuwa anakula nini? Jibu iko moja tu. Kolachi.

Unakumbuka vile ulinielezea historia yake? Ulikuwa umekaa ku meza, unga mpaka ku nyusi, unasema ile Kiswahili yako ya Lubumbashi yenye meno ya Kicheki. Kwenu kolachi ni mikate midogo ya sukari, ndani banaweka prunes, yale matunda kavu, ao jibini tamu. Halafu Papa akamaliza masomo yake ya mines, ya kuchimba madini, kule kwenu Ostrava, akakuoa, akakupeleka Lubumbashi, na prunes Lubumbashi hakuna. Ukazunguka soko yote, ukakuta soseji, kitunguu na pili-pili. Ukavifunga mu ule unga wa mama yako. Papa akakula mpaka jasho ikamutoka ku kipara, akasema: sasa njo umekuwa muke wa Katanga. "Mama yangu angeona angelia," uliniambia. "Halafu angeomba ingine."

Na hapa Schaerbeek soseji ikawa ile ya Baturuki ba ku kona, nyekundu, imejaa kitunguu saumu, na ukaongeza jibini. Samedi, jumamosi, asubuhi harufu ilikuwa inashuka ngazi mpaka kwetu, inaingia chini ya mlango, inaniita kwa jina. Nilikuwa napanda na pijama. "Trésor, umekuya kusaidia ao kukula?" Maman, swali gani hiyo! Ile ya kwanza, moto, ukiipasua jibini inavutika, mafuta ya soseji inashuka mpaka ku kiwiko, na pili-pili inakupiga kofi nyuma ya masikio. Miye école niliiacha mapema, lakini kolachi nilisoma mpaka nikapata diplôme. Kule Schuman, mu mabiro, yale maofisi tunayosafisha, nikifungua boîte ya chakula saa ya pause, hata chef alikuwa anaacha croissant yake, anakuya kujifanya ananisalimia.

Donc, samedi iliyopita nikapanda na unga, maziwa, levure ya kuumusha, soseji, kila kitu. Nikamuambia Papa: "Leo unakula kolachi ya Trésor, utasahau jina yako." Macho yake ikabaki ku télé. Nikaingia mu cuisine, jikoni kwako, peke yangu. Tablier yako ya kupikia bado iko ku msumari. Bon. Tuache.

Nikafanya vile muntu wa Katanga anafanya. Nikachemsha maziwa mpaka ikaruka, nikatia levure, nikamwaga unga, nikashika mwiko, nikasonga. Nilisonga, Maman! Na mabega, na jasho, kama bukari, ugali wetu, ya kulisha matanga nzima. Kwetu unga na moto vikikutana, mikono inajua njia moja tu. Wewe ulikuwa unanipa kukanda peke yake. Ile kazi ya mwanzo sikuiona hata siku moja, juu saa ile nilikuwa bado nakoroma.

Papa akasikia mwiko unapiga ku sufuria. Akakuya ku mlango wa cuisine, mlango ambao hakuuvuka tangu uende. Akachungulia.

"Trésor, unapika bukari ya maziwa?"

"Ni kolachi, Papa."

"Hii? Hii ni ukuta. Levure umeichemsha mpaka imekufa, masikini."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika frigo asianguke. Halafu akaniambia kitu ambacho nyinyi wawili mulinificha: kila samedi, jengo yote ikiwa imelala, ulikuwa unamuamsha aje atie kidole kidogo mu maziwa. Thermomètre ya kupima moto hukutaka kuiona. Yeye anatia kidole, anasema "sasa," ndipo wewe unatia levure. Kule Ostrava vile, Lubumbashi vile, hapa vile. "Tangu aende," akasema, "hakuna muntu ananiamsha."

Nikapasha maziwa ingine, nikamusogezea sufuria. Akanawa mukono. Akatia kidole, akafunga macho, akakaa vile. Nilizani amesinzia.

"Sasa."

Na iliumuka! Iliumuka kama tumbo ya député wa bunge. Nikafunga soseji, nikatia pili-pili ya bwanaume, si ile yako ya kuhurumia Babelji. Papa akakula moja akiwa amesimama, bila sahani, vile ulikuwa unamukataza. Halafu akakaa, akakula ingine, akameza dawa juu ya tumbo yenye kitu. "Za Jarmila zilikuwa nzuri kuliko hizi," akasema, na mukono wake tayari uko ku ya tatu. Aliponisindikiza ku mlango akauliza samedi nakuya saa gani.

Basi, Maman Jarmila, pumzika kule uliko, usihangaike juu ya muzee. Miye niko. Nakuahidi hivi: samedi nitapanda mapema, nitapasha maziwa, halafu nitaenda kugonga ku chumba nimuite Papa atoke kitandani. Nitamuita kila mara, hata siku ile nitakuwa naona mwenyewe kama maziwa iko tayari.

Mutoto wako wa chini,
Trésor