Shemeji Yako Alivyojibu Redioni

Buguruni, Dar es Salaam
Jumatano, 15 Agosti 1973

Kaka yangu mpendwa Gregori,

Shikamoo. Pokea salamu zangu mie mdogo wako Bernadeta, pamoja na za shemeji yako Alfonsi na za mpwa wako Demetria, ambaye sasa ananifika kiunoni na anaimba kutwa nzima. Natumaini wewe, wifi Yustina na watoto hamjambo, na kwamba kifua cha mama kimetulia tangu mvua zikatike. Korosho ulizompa Anjelina azilete zilifika salama, tunashukuru sana. Sie huku, ukituangalia kwa nje, tu wazima.

Kaka, nadhani hata huko Masasi mmesikia kwamba Mavuno Jazz imerudi. Unakumbuka ilivyovunjika: Gaspar, yule mwimbaji, alichukuliwa na bendi ya shirika moja lenye mishahara, wenzake wakatawanyika, na shemeji yako akaweka gitaa juu ya kabati akaenda kuchonga vinyago na wajomba zake. Siku nyingine alikuwa anarudi na vidole vimekatwa na patasi, damu imekaukia kwenye shati, nami nikimuuliza ananiambia hakuona. Nikasema ni ugeni wa kazi.

Mwezi wa sita Gaspar akaja hapa nyumbani na maneno matamu, akaomba radhi, wakapatana. Mtaa mzima ulifurahi kama tumeoza binti. Wapenzi wa Mavuno wana kijiwe chao kwa Fakihi, fundi cherehani wa hapa karibu na soko, na yeye ndiye mwenyekiti wao. Bugi la kwanza, dansi lile la mchana, likatangazwa kuwa Jumapili, katika ukumbi mmoja wa Temeke. Wiki mbili kabla yake redio ikamwita Alfonsi kwa mazungumzo.

Siku hiyo nilikwenda kusikilizia kwa Fakihi, maana redio yetu haina betri. Watu walijaa mpaka barabarani. Mtangazaji alimuuliza vizuri tu, lakini shemeji yako alijibu kama mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Aliulizwa bendi ilivunjika kwa nini, akasema hayo yamepita. Aliulizwa nyimbo mpya, akasema aulizwe Gaspar. Mwisho mtangazaji akamwambia kwamba watu wote wanangoja kusikia lile solo la "Tunu wa Chamazi", je, watalipata? Pakawa kimya, kimya kirefu, mpaka Fakihi akainuka akagonga redio akidhani imekufa. Ndipo Alfonsi akasema, "Siwezi kuahidi. Mambo mengine si ya kusema redioni."

Kaka, laiti ungeona nyuso za watu. Kwanza walitazamana. Halafu Chausiku, mama mmoja muuza samaki ambaye hajawahi kukosa dansi lao tangu zamani, akasema huyo ameshanunuliwa, bendi ya shirika imemlipa aje aivuruge Mavuno kutoka ndani. Mwingine akasema hajanunuliwa, amerogwa. Mwingine akasema ni dharau tu, ameanza kujiona. Fakihi alijaribu kumtetea, akasema mtu anaweza kuwa na uchovu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Mie nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi na kila mmoja ananijua. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tangu siku ile mtaa ukatugeuka. Nikienda bombani wenzangu wanapunguza sauti. Asubuhi moja tulikuta ukuta wetu umeandikwa kwa mkaa, MSALITI, herufi kubwa. Nikaufuta, kesho yake ukaandikwa tena. Halafu akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ansbert, amevaa kofia yake ya heshima, akakaa, akakataa chai. Alitaka kujua ni mambo gani hayo ambayo raia mwema hawezi kuyasema redioni. Alisema yeye hana ubaya, ila ameulizwa na wakubwa, na akiulizwa lazima apate la kujibu. Alfonsi alimjibu kwamba alikuwa na maana ya mambo ya muziki. Mzee akainuka, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo Alfonsi alitaka kujitoa. Gaspar akaja kumsihi, na alipoona maombi hayasaidii akamwambia wazi kuwa asipopanda jukwaani watu watakuja kubomoa nyumba, naye hataweza kuwazuia. Nikaona mume wangu amekubali kama mtu anayekubali kupelekwa.

Jumapili iliyopita tukaenda. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walipoanza, watu hawakucheza. Walisimama wamekunja mikono, wanamwangalia yeye tu. Alikuwa akipiga ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake kimoja kimoja. Sikuwahi kumwona hivyo. Zamani alikuwa anafumba macho. Chausiku alisimama mbele kabisa, karibu angeweza kumgusa.

Ndipo Gaspar akaanzisha "Tunu wa Chamazi". Ilipofika zamu ya solo Alfonsi akasogea mbele, na kaka, alipiga. Sauti nyingine zilipotea, nyingine zilikwaruza, lakini alipiga kwa nguvu ambayo sijaisikia kwake, kama anabomoa mlango. Watu wakalipuka. Katikati ya kelele zile nikaona nyuzi za gitaa zimekuwa nyekundu. Damu ilikuwa inateremka kwenye kiganja chake mpaka ndani ya mkono wa shati, naye anaendelea tu, uso mkavu, wala hakuukunja. Alipomaliza ndipo alipotazama chini akaiona. Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine aliousahau pale.

Wapenzi walidhani ni mapenzi. Fakihi alipanda jukwaani analia, akamfunga vidole kwa leso yake. Chausiku alimshika mkono akauweka shavuni akaomba msamaha. Wakambeba juu juu kumtoa nje, wanaimba jina lake. Mie nilibaki nimekaa.

Kaka Gregori, sasa nakwambia jambo lililonifanya niandike. Tulipofika nyumbani nilitoa sufuria ya maji ya moto jikoni nikaiweka chini, nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Niliporudi nilimkuta ameshaingiza mkono, anaosha damu, ametulia. Maji yale mie nisingeweza kuyagusa. Nikamtoa mkono kwa nguvu. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Kidole cha mwisho na cha jirani yake vimeanza kujikunja, na juu ya kiwiko ana baka jeupe ambalo miaka yote nilidhani ni mba.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Akasema, "Tangu kabla bendi haijavunjika."

"Unaujua ni ugonjwa gani?"

"Najua. Hata wewe unajua. Nikiutaja, Bernadeta, nani katika mtaa huu atakunywa maji nyumbani kwako?"

Ni ukoma, kaka. Neno hilo hatukulitamka usiku ule wala hatujalitamka tangu hapo, naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Nakumbuka ulivyoniambia ulipokuja likizo, kwamba siku hizi hospitali yenu ya misheni ina vidonge, na mgonjwa akiwahi anapona, hafungiwi tena porini kama zamani. Nimemwambia hayo. Amekubali kuja kwako kwa meli ya mwisho wa mwezi. Lakini Jumapili ijayo kuna bugi jingine, wapenzi wanapita dirishani kila jioni wanamwimbia, na Mzee Ansbert amekuja tena mara mbili, safari hii anatabasamu. Tutaondoka kimya. Wakituita wasaliti tena, na watuite.

Alfonsi anadhani anasafiri peke yake. Sijapata moyo wa kumwambia hili, nakwambia wewe kwanza. Leo baada ya misa ya Kupalizwa Mama Maria nilikuwa namwogesha Demetria huku anaimba, nikaona chini ya bega lake alama ndogo, imepauka, ukubwa wa kifungo. Nilichukua sindano yangu ya kushonea nikamgusa nayo pembeni, akaruka akacheka. Halafu nikaichoma nayo ile alama yenyewe. Akaendelea kuimba.

Usimwambie mama. Mwambie tu wifi atutandikie mahali pa watatu. Msalimie yeye na watoto, na mtoto wangu wa ubatizo Avelina mbusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana bandarini Mtwara.

Ni mie mdogo wako akupendaye,
Bernadeta