Gari ya Mwende na Nyonga ya Mzee

Jumatatu, 6 Oktoba

Napepeta ndengu tangu asubuhi. Mawe mengi. Nikasikia krrrr langoni. Sikuinua kichwa. Ni gari ya Mwende ikikwaruza tumbo kwenye kamtaro kangu. Mjukuu wangu, miaka ishirini na saba, anauza mitumba soko la Kwa Vonza. Alinunua gari nzuri, kisha akalipa fundi akate springi ili ilale chini. Kulipa ili kitu kiharibiwe! Mimi niliishia darasa la nne, lakini hiyo sifanyi.

Mzee wangu aliposikia hiyo krrrr akageuza uso ukutani. Gari hiyo ndiyo ilimleta wiki jana kutoka hospitali ya Kitui, nyonga imepasuliwa na kutiwa chuma. Kila shimo gari iligonga chini, dug! Pale mtoni pasipo daraja ilikuwa mbaya zaidi. Hakulia. Alitafuna ukingo wa kofia yake mpaka hapa kwetu Zombe. Imechanika, ninayo hapa.

Anatakiwa arudi Alhamisi tarehe 23, apigwe picha, waone kama mfupa unashika. Daktari alisema asirushwerushwe. Matatu hawezi, mguu haukunjiki. Kiti cha gari ya Mwende kinalala nyuma kama kitanda. Ni hiyo ama hakuna.

Mzee amesema hapandi tena. Naogopa. Wacha niandike hivyo, maana kusema sitasema.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemfokea Mwende. Akajibu, "Susu, bibi yangu, hiyo ndiyo staili. Gari ya juu ni ya wachungaji." Nikamwambia hata nyoka angepewa miguu angeshukuru. Akacheka. Mimi sikucheka.

Halafu akaingia kumwamkia babu yake. Akaiona kofia. Alitoka nje akainama kutazama chini ya gari. Amesema ataiinua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ameinua. Fundi wa huko Kwa Vonza amekata vipande vya tairi ya lori akavisukuma katikati ya mizunguko ya springi. Sasa gari imesimama kama mbuzi anayetafuta majani ya juu.

Nilikalia kiti cha Mzee mimi mwenyewe, na fimbo yake mkononi. Tukaenda hadi kanisani na kurudi. Ni benchi. Springi haina tena pa kubonyea. Meno yangu haya machache yaligongana yote. Na kila tukikata kona, tok tok tok, kwenye gurudumu la mbele. Mwende akaongeza redio ili nisisikie. Niliizima.

Siku kumi na tatu zimebaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamemwombea Mzee. Vizuri. Baadaye Mama Kavata, jirani yangu, akaniuliza mbele ya akina mama wote: "Gari yenu juzi ilikuwa inatambaa, leo inarukaruka. Jumapili ijayo itapaa?" Nikamwambia yake ikija tutaiona. Walimcheka yeye, si mimi. Lakini nilirudi nyumbani na hasira.

Mzee ameacha uji nusu. Mawingu upande wa mashariki. Mto ukijaa hata gari nzuri haivuki.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumeenda Kitui kwa Fundi Kyalo. Mtu mzima, ana mvi. Alitoa tairi akaniita nione. Shoki, ile bomba ya kutuliza springi, imevuja mafuta yote. Springi ikikatwa, shoki inafika mwisho wake, inagonga, inagonga, inakufa.

Tena hii ni gari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele. Hayo hayo yanavuta, hayo hayo yanakata kona. Ukiinua ovyo, ekseli zinakaa pembe mbaya na vifundo vyake vinalia. Nilielewa kabla hajamaliza. Ni mnyororo wa plau. Ukiwa mfupi, ng'ombe wanainua plau juu. Ukiwa mrefu, inazama. Nilipomwambia hivyo alianza kuongea na mimi, akaacha kuongea na Mwende peke yake.

Njia ziko tatu. Springi fupi ngumu. Shoki za kuzungusha, unapandisha na kushusha gari upendavyo. Ama springi ndefu kama ilizozaliwa nazo, na shoki mpya laini. Macho yote ya Mwende kwenye zile za kuzungusha. Fundi akasema zilizo nzuri hana, alizo nazo ni ngumu tu. Mwende bado anazitaka. Eti Mzee akipona atashusha tena.

Nilifungua mdomo nifoke. Nikakumbuka gari si yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwomba. Huyu mtoto nimemlea tangu mama yake afariki, huwa naagiza, siombi. Leo nilisema, Mwende, naomba uweke zile ndefu. Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akaenda.

Sijui kama nimejishusha bure.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku tatu hajapiga simu. Mzee haulizi. Nimemchapa kuku kwa ufagio bila sababu.

Saa kumi jioni simu ikalia. Yuko Kambu, barabara ya Mombasa, kwa mtu anayefungua magari yaliyopata ajali. "Susu, nimepata nne, ndefu, zimetoka kwa dada ya gari yangu, aina moja. Na shoki mpya." Nikamwambia aangalie kutu. Hiyo ndiyo asante yangu. Mwenyewe naona haya.

Jumanne, 21 Oktoba

Fundi Kyalo ametia springi na shoki. Gari imekaa sawa. Nikapanda, tukazunguka. Bado ngumu! Si benchi, lakini ina ukaidi.

Nilikuwa nimemwona akikaza bolti zote gari ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Nikamwuliza: punda wako unamkaza mkanda kabla ya mzigo? Sisi tunapakia mitungi ya maji kwanza, punda asimame na mzigo wake, ndipo tunakaza. Ukikaza mapema, mkanda unamkata.

"Mama, hii si punda."

"Ingekuwa punda ingeshakupiga teke."

Akajikuna. Akasema, bushi. Ni zile raba za mikono inayoshika magurudumu. Zikikazwa gari ikiwa hewani, ikishuka zinajinyonga, zinakataa kucheza. Alijua tangu zamani. Ni haraka tu.

Alilegeza zote. Gari ikawekwa juu ya shimo la fundi, magurudumu yakikanyaga chini. Mimi kiti cha Mzee, Mwende kwenye usukani, gunia la ndengu nyuma pale nitakapokaa mimi Alhamisi. Akaingia shimoni akakaza tukiwa ndani. Tukazunguka tena. Meno yalitulia.

Jumatano, 22 Oktoba

Mzee anasema hapandi. Nimemweleza springi, nimemweleza bushi, nimemweleza punda. Hapandi. Mvua imenyunyiza kidogo. Nimepiga pasi shati lake hata hivyo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Amepanda. Mwende alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Ikigonga chini mara moja tu, nageuza nakurudisha." Mimi singesema hivyo. Mimi ningefoka.

Haikugonga. Mto ulikuwa mkavu. Picha imepigwa. Mfupa unashika.

Nimechoka. Basi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ndengu tena. Mwende ameondoka mapema. Nilitega sikio langoni. Hakuna krrrr.

Ameniambia wenzake Kwa Vonza sasa wanamwita Mama Mchungaji. Alikuwa anacheka, lakini alipofunga mlango aliitazama gari kwa mbali, vile mtu hutazama nguo aliyoipenda ikapunguzwa. Nimempa kuku anayetaga. Hakuniuliza ni wa nini.

Mzee yuko uani na ile kofia iliyochanika, nyingine hataki. Jana alilala njia nzima. Pale mtoni alikuwa anakoroma, mdomo wazi.

Sasa hivi ameniuliza barabara ya Zombe imetengenezwa lini.

Nimemwambia Jumanne.