Hatua Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Tena shambani saa mbili asubuhi. Majaribio kumi na moja. Kishada, kile kikubwa kinachovuta mtu juu ya mawimbi, kimepaa mara mbili, mara tisa kimeanguka kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Upepo kilomita kumi na mbili kwa saa, ukishuka hadi tisa. Kidude cha kupimia hakina makosa. Mwenye makosa ni mimi.

Zimebaki siku kumi na tisa. Tarehe ishirini na mbili nasimama mbele ya Meneja wa shule ya vishada kule pwani, mtihani wa tatu wa kuongoza na kushika. Miwili nimeanguka. Nikianguka na huu, jina langu linafutwa na miaka tisa ya ufuoni imekwisha. Nirudi kufua mashuka ya hoteli, kazi niliyoanza nayo. Nikiwa na miaka arobaini na moja.

Hapa Katelembo, Machakos, anayenishikia kishada ni Mbithe, mke wa kaka yangu. Hakuna mwingine. Kaka yuko kiwandani Athi River, anakuja wikendi. Nikimwonyesha Mbithe dole gumba, ishara ya kuachia, anakirusha juu kwa mikono miwili. Nimemwambia mara kumi na moja: usirushe, fungua mikono tu. Anasema mikono yake ni ya kupepeta. Ndengu ukizifungulia mikono tu zinakuangukia miguuni.

Nimekasirika. Halafu nimekunywa chai yake.

Jumanne, 4 Februari

Mwiba wa mgunga. Umeingia kwenye bomba la hewa la mbele, lile linalokipa kishada umbo. Kiraka cha baiskeli, sindano, saa tatu. Nimeshona mwenyewe. Kushona nilijifundisha mwenyewe pia, hakuna aliyenishika mkono.

Hakuna kurusha leo. Siku kumi na nane.

Alhamisi, 6 Februari

Majaribio kumi na matatu, kimepaa mara nne. Watazamaji saba, bila kuhesabu ng'ombe. Jirani mmoja aliuliza kama hii ni hema ya harambee. Mwenzake akasema ni ya mwanasiasa, tungojee kupewa fulana. Mbithe akawajibu, "Ni mwavuli ya wifi yangu. Mvua ya Aprili anaingoja kutoka saa hii."

Walicheka. Mimi sikucheka.

Watu hudhani upepo mkali ndio hatari. Mkali unauogopa, kwa hivyo unachukua kishada kidogo na unakuwa na adabu. Mdogo ndio unaoumiza. Unachukua kishada kikubwa, mita kumi na nne za mraba. Unakipanga pembeni inavyotakiwa, wewe na mshikaji mkiupa upepo ubavu. Kinapigapiga, kinalala. Unachoka. Unaanza kukisaidia. Mwenye kuongoza, aliyefungwa nacho kwa nyuzi, anasogea hatua chache kule upepo unakotoka, kishada kinabaki katikati ya upepo badala ya pembeni, na hapo kinajaa mara moja. Kinaruka vizuri mno. Upepo ukiongezeka ghafla, kinaruka na mtu.

Najua haya yote. Nilikuwa nikiwafundisha wageni.

Jumamosi, 8 Februari

Leo miezi mitano tangu Kadzo, mwenzangu wa kazi ufuoni, aumie.

Ripoti ya Meneja ina mistari minne. Wa tatu unasema kishada kiliachiwa bila ishara. Uongo. Mimi nilishika, Kadzo aliongoza, na Kadzo alinyoosha dole gumba. Nililiona kwa macho yangu mawili. Meneja alikuwa ndani akinywa kahawa. Hakuona kitu, lakini aliandika, na kwa maandishi hayo nikaanza kupimwa upya. Kadzo aliinuliwa, akatupwa begani, akaburutwa hadi kwenye nguzo ya banda. Bega la kulia. Hajashona tangu siku ile. Tulikuwa tunashona vishada vilivyochanika kwa mashine mbili, uso kwa uso.

Nimemtumia ujumbe mara sita. Hajajibu hata mmoja.

Mtu anaweza kuadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na bado watu wakala chakula cha jioni wakalala vizuri. Hilo ndilo nimejifunza pwani.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimemwangalia Mbithe akipepeta. Sikukusudia. Nilikuwa nangoja upepo uongezeke, naye alikuwa anangoja upepo huohuo.

Ametandika turubai, ndengu zimepigwa, maganda yamejaa. Akachukua beseni, akasimama ubavu kwa upepo. Akamwaga kidogo. Akaacha. Akapiga mluzi, ule wa kuuita upepo. Dakika arobaini, na beseni moja tu imekwisha. Nikamwuliza kwa nini hamwagi na upepo upo. Kidude changu kilisema kumi na moja.

"Huo unavuta pumzi, wifi. Wacha utoe."

Nilikaa chini na saa. Kweli. Unapanda kwa sekunde ishirini hivi, unashuka kwa hamsini. Nimehesabu mizunguko kumi na minne. Hiyo kumi na moja yangu ilikuwa wastani, na kishada hakipandi kwa wastani. Nilikuwa nakiachia upepo ukiondoka. Wiki nzima.

Sikumwambia Mbithe kwamba amenifundisha. Angeringa mpaka Pasaka.

Jumatano, 12 Februari

Majaribio kumi na mawili, kimepaa mara tisa. Mbithe hatupi tena. Nimemwambia ajifanye ameshika mtoto anayejifunza kusimama: unamwachia akishasimama, si ili asimame. Ameelewa papo hapo. Tunangoja kishada kijae, kiache kupigapiga, nyuzi zote nne zikaze. Dole gumba. Anafungua mikono. Kinapanda pembeni polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Ningefurahi. Lakini niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Kuongoza si shida yangu. Mitihani miwili niliyoanguka nilianguka kwa kushika. Naona dole gumba, mikono inakataa kufunguka. Mara ya kwanza Meneja alihesabu sekunde tisini kwa sauti mbele ya watu wote. Mara ya pili hakuhesabu, alikunja karatasi tu. Na kushika siwezi kufanyia mazoezi hapa, maana Mbithe hajui kuongoza. Nafanya mazoezi ya nusu niliyoifaulu.

Siku kumi. Sina njia.

Ijumaa, 14 Februari

Mwandiko mbaya leo.

Saa sita mchana. Joto. Upepo tisa, wakati mwingine saba. Nilitaka kukirusha mara tatu za mwisho ili nifikishe kumi na tano. Pembeni kilikataa mara nne. Nikasogea kule upepo unakotoka. Sikufikiri. Miguu ilienda yenyewe. Kishada kikajaa vizuri. Nikanyoosha dole gumba.

Mbithe hakuachia.

Nikanyoosha tena. Nikapiga kelele, "Achia!" Alikuwa haniangalii. Anaangalia nyuma yangu. Nikapiga kelele ya tatu, nikamwita jina ambalo mtu hamwiti mke wa kaka yake. Akakipindua kishada kifudifudi, akajirusha juu yake kwa tumbo, miguu na mikono imetandazwa, kama mjusi.

Ndipo vumbi likanipita. Ule upepo wa kuzunguka wa mchana, mwekundu, mrefu kuliko mgunga. Ulinipiga mgongoni, ukazoa kofia, ukazoa maganda yote ya turubai, ukapita juu ya Mbithe, ukaenda zake kwa majirani. Sekunde kumi, labda kumi na mbili. Mita kumi na nne za mraba, katikati ya upepo, na mimi nimefungwa nacho kiunoni.

Mbithe aliinuka, akatema mchanga. Akasema ndivyo wanavyofanya hapa wote. Ukiuona unakuja na ndengu ziko nje, unalala juu ya turubai. Hungoji kuambiwa na mtu.

Halafu akasema, "Na hilo jina umeniita, utalirudia mbele ya kaka yako."

Nililia. Alifikiri ni vumbi. Au alijifanya.

Jumamosi, 15 Februari

Sikuenda shambani.

Kadzo alinyoosha dole gumba. Hiyo ni kweli, na nimeishikilia miezi mitano kwa sababu ni kweli. Ripoti ilidanganya kwenye mstari wa tatu nami nikakaa juu ya uongo huo kama kuku. Maana ilimradi wao ni waongo, mimi ni msafi.

Hakuna mstari unaosema hivi, kwa hivyo nauandika mimi. Siku ile upepo ulikuwa mdogo. Wageni sita walikuwa wanangoja. Kishada kilikataa pembeni. Mimi ndiye niliyemwambia Kadzo asogee. Nilimwonyesha kwa mkono: sogea, sogea, ongeza. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu, mimi huhesabu kila kitu. Alisimama akaniuliza kwa kichwa, hapa? Nikamwitikia. Akanyoosha dole gumba kwa sababu aliniamini.

Mikono yangu si mioga. Mikono inajua.

Jumatatu, 17 Februari

Kaka alikuwa nyumbani jana, nikalirudia lile jina mbele yake. Alicheka mpaka akakohoa. Mbithe hakucheka. Nikaomba msamaha vizuri, kwa jina lake na jina la mama yake. Akasema basi, nimwachie kishada kikichakaa atandikie ndengu.

Majaribio kumi asubuhi, yote pembeni. Kimepaa mara sita. Mara nne nilikataa mwenyewe, nikaketi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefunga mizigo. Kishada, pampu, fimbo ya kuongozea, mkanda. Kilo mbili za ndengu alizopepeta Mbithe. Kesho basi la asubuhi. Naogopa kiasi kwamba sili.

Jumamosi, 22 Februari

Kuongoza: mara tatu, zote tatu kimepaa. Nilikaa dakika ishirini na tano nikingoja upepo utoe pumzi. Meneja aliangalia saa.

Kisha kushika. Akanipa mwanafunzi, kijana wa Voi, mrefu, ana haraka. Upepo kumi. Kishada kikapigapiga pembeni. Meneja akamwonyesha kijana asogee kule upepo unakotoka. Akasogea. Akaongeza. Nikahesabu hatua tisa. Kishada kikajaa mikononi mwangu, kikanivuta. Kijana akanyoosha dole gumba.

Sikuachia.

Nilijua wanachokiona. Yule yule mama wa Machakos, ameganda tena. Mtu mmoja nyuma alianza kuhesabu kwa sauti, wengine wakamsaidia. Meneja akasema, "Achia." Akasema tena, kwa nguvu. Ilifika arobaini na mbili. Mikono ilikataa kufunguka, lakini mara hii nilijua inakataa kwa ajili ya nini.

Nikakipindua kishada kifudifudi. Nikakikalia.

Kuhesabu kukakoma. Nikamwambia kijana arudi hatua tisa. Alimwangalia Meneja. Nikamwambia usimwangalie yeye, niangalie mimi, mimi ndiye nimeshika. Akarudi. Tukangoja. Ule upepo mdogo ulivuta, ukavuta, kisha ukatoa. Sikuhesabu. Kishada kikaacha kupigapiga, nyuzi zikakaza, dole gumba likanyooka, na mikono ikafunguka yenyewe. Kikapanda pembeni taratibu.

Meneja alikuja baada ya watu kuondoka. Nikamwambia kuhusu siku ya Kadzo. Ishara ilitolewa. Aliyemsogeza ni mimi. Yote mawili ayaandike, na mstari wa tatu aufute. Akasema ripoti ya zamani itafunguliwa na huenda nikajuta. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini nimekalia kishada. Nikasema ndivyo tunavyofanya kwetu.

Akakunja karatasi yake. Kama mara ya pili.

"Jumatatu, saa moja," akasema. "Wewe ndiye utashika. Mpaka niambiwe vinginevyo."

Jumapili, 23 Februari

Nimeenda kwa Kadzo baada ya misa. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaweka ndengu mezani.

Nikamwambia. Ni mimi niliyekusogeza. Hatua kumi na mbili.

Alimimina ndengu kwenye sinia. Akaanza kuzichambua, kwa kidole kimoja cha kushoto, jiwe huku, ndengu kule.

"Kumi na nne," akasema. "Na mimi nilihesabu."

Kisha akanisogezea upande mmoja wa sinia. Nikavuta kiti. Tukachambua mpaka zikaisha.