Ile SSD Yako ya Mbio

Baba Pacha,

Chakula kiko jikoni. Pacha uwachukue shuleni saa tisa.

Seva yetu, ile kompyuta ya kuhifadhia picha na sauti za familia, usiiguse. Asubuhi nimeiwasha, ile SSD yako mpya, diski uliyoifunga humo, imegoma kabisa. Hongera, ina mbio kweli: imekufa ndani ya miezi miwili! Nilikwambia uangalie miaka ya dhamana, wewe ukaangalia taa za rangi. Na nakala ya akiba uliiweka wapi? Kwenye SSD hiyohiyo, fundi wangu!

~~Jioni kanunue nyingine.~~ Usinunue kitu, nitachagua mwenyewe.

Ila usilie. Rekodi ya sauti ya marehemu mama yako niliihifadhi pia kwenye simu yangu ya zamani, siku ile uliponiita mwoga kwa kuhofia itapotea. Iko chini ya mto wako, ina chaji.

Mama Pacha, mwoga wako