Picha Iliyokatwa Magotini

Mjukuu wangu Rayyan,

Salamu nyingi kutoka Tooting. Mama yako hajambo. Umeniuliza kwa nini picha ya siku tulipopewa uraia wa huku ughaibuni imekatwa magotini.

Kitabu cha mtihani wa uraia nilikihifadhi chote, lakini hakikuniambia kwamba zulia la ukumbi wa sherehe hukanyagwa na viatu. Nikaviacha vyangu mlangoni, kama nyumbani Wete. Wimbo wa taifa ulipoanza, watu walikuwa wanakitazama kidole changu kilichochungulia kwenye tundu la soksi. Bibi yako akavua viatu vyake, akasimama kando yangu.

Picha ilipokuja, niliikata kwa aibu. Sasa bibi yako hayupo, na aibu niliyobaki nayo ni kwamba nilikata na miguu yake.

Babu yako,
Said