Koki Nusu

Garsen, 6 Juni 1998

Kwako Dada Mitchelle,

Salamu nyingi, zizidi mafuriko ya mwaka jana. Mimi sijambo, mama yako hajambo ila goti. Wewe na chuo je?

Samaki wako wanne wote wazima. Sola inachaji vizuri, pampu inasukuma, maji ya tangi lao la kioo yanang'aa. Koki ya chujio iko nusu, vile ulivyoiacha.

Asante tena kwa chumba chako. Bila nyinyi kunipokea ningesomea wapi?

Mdogo wako,
Barwako


Mombasa, 19 Juni 1998

Mdogo wangu Barwako,

U hali gani? Mimi mzima, joto tu. Kikia bado anakuja kwenye kioo ukiweka kidole? Yule mwenye mkia uliochanika. Safari hii hujamtaja, nawe kila barua huanza na yeye.

Usiguse koki. Hao tuliwatoa kwenye dimbwi kule Ngao mafuriko yalipopungua. Maji ya kasi hawayawezi.

Nakuja tarehe nane Agosti.

Dada yako,
Mitchelle


Garsen, 14 Julai 1998

Dada Mitchelle,

Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, ila uso sina.

Kikia amekufa. Wote wamekufa, tangu mwisho wa Mei.

Unajua sisi Waorma samaki hatuli, na kuwagusa sijawahi. Niliwaona wamesimama tu chini, nikadhani maji yamewachosha. Baba husema maji yaliyosimama yanaua mifugo, peleka ng'ombe penye mkondo. Nikafungua koki yote. Wakakimbia huku na huku, nikafurahi, hata nikamwita kaka yangu Guracha, aliyekuja kunisalimu, aone. Akacheka: "We Barwako, umeacha ng'ombe unachunga samaki? Utawakama lini?" Nikaona haya kuifunga mbele yake, nikaenda shule. Niliporudi watatu wanaelea, Kikia amenaswa kwenye mdomo wa chujio.

Niliogopa kuwashika. Nikawatoa kwa upawa wa mama yako, nikausuuza, nikaurudisha jikoni. Jioni akatupakulia uji kwa upawa uleule. Nilikunywa.

Hawa wanne waliopo aliniletea Kahindi, yule jirani mvuvi. Nilichagua wanaofanana na wako. Mama yako hajui lolote. Nikifukuzwa nitaelewa, nguo nimeshazikunja.

Sijui kama bado ni mdogo wako,
Barwako


Mombasa, 28 Julai 1998

Barwako,

Sijambo. Nilikasirika, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilimlilia Kikia bwenini mpaka wenzangu wakauliza ni nani amefariki. Nikasema ndugu.

Kilichoniuma si koki. Ni ile "wote wazima".

Sasa sikiliza. Weka unyasi mmoja juu ya maji, halafu funga koki kidogo kidogo. Unyasi ukikimbia, bado. Ukizunguka polepole kama mbuzi anayetafuta kivuli, acha hapo. Kisha watazame samaki wenyewe. Wakisimama bila kuhangaika, ndiyo raha yao hiyo, usiwaonee huruma.

Hao wapya wape majina yao. Usimwite yeyote Kikia. Na nguo zirudishe kabatini.

Samaki walikuwa wangu, nimekusamehe. Upawa si wangu. Habari ya huo utamwambia mama wewe mwenyewe kabla sijafika, maana nikiuona umeingia kwenye uji sitaweza kunyamaza.

Dada yako, bado,
Mitchelle