Jezi Namba Tano Iko Chini ya Godoro Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usianze kwa kuniambia kwamba mimi bado mtoto, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na timu nzima.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule juzijuzi tu, na timu yetu ya mtaa imeshuka daraja. Mjomba wangu ndiye kocha, kaka yangu ndiye nahodha na beki wa kati, mama ndiye anayefua jezi, na mimi misimu miwili nimekaa mwisho wa benchi na daftari, mwanzoni kwa sababu mtu mwenye daftari hasemeshwi, na mimi kusemeshwa naogopa, lakini baadaye nikaanza kuandika kweli, nani amepoteza mpira, dakika ya ngapi, bao limepitia wapi. Tumefungwa mabao sitini na moja. Ishirini na matatu yalipita upande wa kaka, karibu yote kipindi cha pili, goti lake likishachoka. Nyumbani anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa, halafu anatuambia ngazi ndizo mbovu.

Kwetu kuna desturi. Msimu ukiisha mama anafua jezi zote anazianika uani, kocha anakuja anaanua za wale anaowataka msimu ujao, anazitia kwenye begi, na zinazobaki kambani wenyewe wanakuja kesho yake kuzichukua, kila mtu yake, wanakwenda nazo nyumbani, na ndiyo kwaheri, hakuna barua wala kikao. Mwaka huu mjomba alifika uani akasimama, kisha akaniambia, "Anua wewe. Mimi mkono wangu utachagua rafiki zangu. Wewe huna rafiki." Akaingia jikoni kunywa chai na mama.

Mshauri, jezi zilikuwa ishirini na mbili, nikaanua kumi na mbili, nikaacha kumi. Nilimwacha mfungaji wetu kwa sababu mabao yake manne yote yalikuwa ya penalti, nikamwacha kipa, nikamwacha kaka yangu. Najua nilichokiona na sikifuti. Timu hii itapanda tena, na haitapanda ikiwa nyuma pana goti bovu, hata kama goti hilo ni la mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Lakini nikasikia lango linafunguliwa, nikasikia kikohozi cha kaka, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukaivuta namba tano, nikaikunja nikaikimbiza chumbani, na tangu siku hiyo iko chini ya godoro langu.

Kesho yake wachezaji walipokuja kutazama kamba, mjomba ameshawaambia kwamba aliyeanua ni mimi, jezi ya kaka haikuwepo, kwa hiyo kila mtu akaamini amebaki, na yeye mwenyewe akaamini. Mfungaji akaniuliza mbele ya watu, "Kwa hiyo siku hizi tunaachwa na mtoto wa sare za shule?" Mwingine akasema, "Huyu mpira anaujua kwa penseli," wakacheka, na kaka ndiye aliyewanyamazisha. Alisema, "Mwacheni mdogo wangu. Kama ameandika, ameona."

Mjomba alipohesabu za kwenye begi akauliza kuhusu namba tano, nikamwambia ina doa, mama ameiloweka. Sasa kaka anaamka alfajiri kwenda kukimbia, goti limefungwa kitambaa, na shule ya msingi iliyo jirani yetu imemwomba awafundishe watoto mpira, kazi aliyoitamani siku zote, wanataka jibu Ijumaa, naye anasema atawakatalia kwa sababu ana timu ya kurudisha. Majina ya kikosi yanapelekwa Jumatatu. Nikinyamaza, yeye anakosa kazi na timu inakosa beki. Nikisema, nampoteza kaka. Je, nimwombe mjomba aseme yeye? Au nifute nilichoandika? Ingawa nakwambia mapema, kufuta sitaki.

Ni mimi, Mwenye Daftari

*

Binti yangu,

Kama kufuta hutaki, mbona unaniuliza? Ulitaka mtu mzima akwambie kwamba hujakosea. Haya, nakwambia: hujakosea. Timu iliyofungwa mabao sitini na moja haijengwi kwa kuoneana haya. Mjomba wako analijua hilo, ndiyo maana akakimbilia chai. Nikikutana naye nina lake la kumwambia, lakini yeye hakuniandikia. Umeniandikia wewe, basi utasikia wewe.

Kosa lako si daftari, ni godoro. Wale tisa uliwaacha hadharani. Walikuja, wakakukejeli kidogo, wakachukua jezi zao wakaenda zao. Kaka yako peke yake ndiye uliyemnyima kwaheri. Unaiita huruma hiyo? Unamwacha aitese miguu yake alfajiri kwa ajili ya nafasi uliyokwisha kumpokonya, na juu yake ukamzulia mama yako doa. Aibu hiyo ni yako, ibebe, haitakuua.

Tena yeye mwenyewe alisema: kama ameandika, ameona. Huenda hakujua kwamba anajisemea. Huenda alijua. Mtu anayeshuka ngazi kama kaa hahitaji daftari la mtu.

Usimtume mjomba, wala mama usimtume. Kesho kaka yako akitoka kwenda kukimbia, ifue hiyo jezi kwa mikono yako, maana imelala mahali pabaya, uianike kwenye kamba ileile, peke yake. Akirudi na kufungua lango aione, na akuone umesimama kando yake. Mwambie: "Niliiacha hapa, kisha nikaogopa nikaificha. Nisamehe kwa kuificha." Ishia hapo. Kwa kuiacha usiombe radhi, ukiomba atadhani daftari lako linafutika kwa machozi. Akikasirika, akasirike. Akitaka kusikia, msomee dakika zote, hata zile za mabao yaliyopita kwake. Akiondoka, usimfuate, ila jioni mkumbushe kwamba Ijumaa kuna watu wanangoja jibu lake, na watoto hawaulizi goti.

Kisha nenda kwa mjomba ukamwambie doa halikuwepo. Namba tano ni ya kaka yako, miaka yote hiyo ameivaa, ataondoka nayo. Timu ishone nyingine. Na hasira zikipoa mwulize kaka yako nani aivae, kwa sababu wewe umeona mabao yalipopita, lakini yeye anajua kwa nini yalipita.

Unasema unaogopa kusemeshwa. Anayeogopa haachi jezi kumi kambani huku kocha yuko jikoni. Nenda kaanike.